Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwatafuta Wasioandikwa Rejistani

Saa 11 alfajiri. Macho hayajafunguka vizuri, mkono unapapasa simu. Imejaa chaji? Kinasa sauti je? Fomu za ridhaa ziko ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua haijui karatasi. Mimi ni mtafiti wa huduma za afya vijijini, na leo tunapima njia.

Saa 12:10. Tunaanzia kijiji cha mwisho kabisa katika eneo linalohudumiwa na hospitali. Ramani ya kompyuta inadai ni mwendo wa dakika 40. Haya. Kompyuta haijawahi kusubiri maji ya mto yapungue. Tunatembea hadi barabarani, tunasubiri pikipiki, tunavuka, pikipiki inakwama, tunasukuma.

Saa 3 kasoro dakika 5. Lango la hospitali. Dakika 165, na sisi ni wazima. Tume ya upasuaji ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2015, iliweka kipimo cha dakika 120 kufika panapofanyika upasuaji wa dharura. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda huohuo asipotibiwa.

Saa 4. Rejista ya wodi ya wazazi. Mgongo wake umeshikizwa kwa plasta ya vidonda. Nafuata safu ya "anakotoka" kwa kidole: vijiji vya jirani vimejaa ukurasa baada ya ukurasa. Kijiji tulichotoka asubuhi kimetokea mara moja tu, na mbele yake wino mwekundu: "kajifungulia njiani". Jambo hili si geni. Daktari Edward Jarvis aliliona Marekani katikati ya karne ya 19, hospitali za wagonjwa wa akili zikijaa zaidi watu waliokaa karibu nazo. Kinachonikera ni mtu kuhesabu rejista kisha akatangaza kwamba vijiji vya mbali havina uhitaji mkubwa. Rejista inamjua aliyefika tu.

Saa 8 mchana. Mahojiano na bibi aliyemsindikiza mkaza mwanawe. Dodoso letu limejengwa juu ya kuchelewa kwa aina 3, kama kulivyoelezwa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Namuuliza ni kupi kulikowapata. Ananitazama kama mtoto aliyeuliza swali la ovyo.

"Mwanangu, ule uzazi wa kwanza tuliwahi, tukaambiwa mtu wa dawa ya usingizi hayupo. Safari hii uchungu ulipoanza, tukimbilie nini?"

Kumbe kuchelewa kwa tatu ndiko kulikozaa kuchelewa kwa kwanza. Naandika pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko wa kubana, kwa kuwa dodoso halina nafasi ya jibu la namna hii.

Saa 10. Mganga mfawidhi aliniahidi nusu saa. Napata dakika 6, tumesimama koridoni. Daktari ni yeye peke yake zamu hii, simlaumu.

Saa 2 usiku. Kuingiza data. "Sababu kuu ya kuchelewa: chagua moja." Naacha wazi. Programu inaniletea maandishi mekundu: "Swali hili ni la lazima." Nimemwandikia kiongozi wa utafiti turekebishe swali, hajajibu. Fomu ya bibi imeganda hapohapo, swali la 14.