Uzuri wa peni uko kwenye gololi

Watu wengi wakichagua peni hutazama rangi, uzito na klipu. Mimi huanzia kwenye ncha. Iweke peni ya kawaida chini ya kioo cha kukuzia na utaona chuma chembamba kilichochongoka, na mwishoni kabisa gololi iliyochomoza kidogo tu. Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Mwili wa peni ni mshikio na ghala la wino, na mwili mzuri haujawahi kuokoa ncha mbovu.

Gololi inakaa kwenye kikalio chake, na mdomo wa kikalio umekunjwa ndani kidogo ili isichomoke. Nyuma yake kuna vijia vyembamba vinavyoleta wino. Unapoandika, karatasi huizungusha gololi. Upande wa ndani hujipaka wino, upande wa nje huuacha kwenye karatasi. Nafasi kati ya gololi na kikalio ni mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Ikizidi, wino hujikusanya nje na kuacha madoa. Ikipungua, gololi hukwama. Tena gololi haitakiwi kuwa laini kupindukia. Zile za tungsteni kabaidi, ambayo ni ngumu sana, huachwa na ukwaru mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaokamata karatasi na kubeba wino. Bila ukwaru huo gololi ingeteleza badala ya kubingirika.

Ndiyo maana wazo hili lilichelewa kuzaa peni ya kuaminika. Mmarekani John Loud alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kalamu ya gololi mwaka 1888, lakini yake ilifaa kuchora alama kwenye ngozi, siyo kuandika barua. Aliyelisogeza mbele ni László Bíró wa Hungaria, aliyepata hataza mwaka 1938. Yeye alikuwa mwandishi wa habari na aliona jinsi wino wa magazeti unavyokauka haraka. Wino ule ulikuwa mzito mno kwa kalamu za nibu, zile zenye ncha ya chuma iliyopasuliwa, basi akashirikiana na ndugu yake György, aliyeijua kemia, kutafuta wino mzito utakaopita kwenye gololi. Kisha ikabaki kazi ya kuchonga chuma kwa usahihi mkubwa na kwa wingi. Huko Ufaransa, Marcel Bich alitumia mashine za Uswisi zenye uwezo wa kuchonga chuma hadi sehemu ya 0.01 ya milimita, na Desemba 1950 akaingiza sokoni Bic Cristal.

Peni hiyo naiheshimu kuliko nyingi za gharama, kwa sababu kila kitu kilichomo kina kazi. Mwili wa pembe sita haubingiriki mezani na haugeukigeuki vidoleni. Plastiki yake ni angavu, kwa hiyo kiwango cha wino unakiona. Kile kitundu cha ubavuni kinasawazisha hewa ya ndani na ya nje, ili wino usivutwe nyuma wala kusukumwa nje shinikizo la hewa linapobadilika. Tundu la kwenye kifuniko lilikuja baadaye, mwaka 1991, na halihusiani na wino hata kidogo: limewekwa ili mtoto akimeza kifuniko kikakwama kooni, hewa iweze kupita.

Kuhusu namba za kwenye boksi: 0.5, 0.7 au 1.0 ni kipenyo cha gololi kwa milimita, siyo upana wa mstari. Gololi inagusa karatasi kwa sehemu ndogo tu, hivyo peni ya wino wa mafuta ya 1.0 huandika mstari wa milimita 0.4 hivi. Peni ya jeli, yaani ya wino wa maji uliofanywa mzito, yenye namba hiyohiyo huacha mstari mpana na uliokolea zaidi, kwa sababu wino wake unatoka kwa wingi. Anayependa 1.0 ya mafuta akinunua 1.0 ya jeli atashangaa, ajaribu 0.5 au 0.7 kwanza.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu peni, ijaribu sawasawa. Weka karatasi tatu au nne chini ya ile unayoandikia. Karatasi moja juu ya meza ngumu huifanya hata peni nzuri irukeruke, kwa sababu gololi inahitaji kuzama kidogo ili ipate msuguano wa kuizungusha. Andika 8 mfululizo bila kuinua mkono, mstari mzima. Halafu chora mstari mmoja polepole sana, na mwingine wa haraka. Iache ncha wazi nusu dakika, kisha uchore tena uone kama inashika papo hapo.

Tazama mistari kwa karibu. Ukiona ufa mweupe katikati, wino ukiwa pande zote mbili, gololi haipati wino wa kutosha au imechakaa. Madoa baada ya kona za 8 yanaonyesha wino unaojikusanya kwenye mdomo wa kikalio. Kiasi kidogo ni kawaida kwa wino wa mafuta, na unaufuta kwa kuizungusha ncha kwenye kitambaa. Ukisikia mkwaruzo, igeuze peni robo mzunguko uandike tena. Mkwaruzo ukija upande mmoja tu, mdomo wa kikalio umebonyea, mara nyingi kwa sababu peni iliangukia ncha. Hilo halitengenezeki, badilisha mrija, yaani kile kibomba cha wino chenye ncha mwishoni.

Mkwaruzo wa pande zote huwa unatokana na mkono. Peni ya gololi inataka kusimama, nyuzi 60 au zaidi kutoka kwenye karatasi. Ukiilaza sana, ukingo wa kikalio ndio unaokwaruza karatasi na gololi haigusi vizuri. Waliozoea kalamu ya nibu hupata shida hii zaidi, kwa sababu ile hulazwa.

Peni nyingi zinazotupwa bado zina wino wa kutosha. Zimekwama kwa mafuta ya mkono yaliyobaki kwenye karatasi, ambayo huifanya gololi iteleze, au kwa hewa iliyoingia nyuma ya gololi baada ya kuandikia ukutani au kulala chali. Ikikwama, futa ncha kwa kitambaa kikavu, kisha chora viduara kwenye karatasi safi iliyowekwa juu ya daftari. Ikigoma, tumbukiza ncha kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika moja, ifute, uchore tena. Joto hulainisha wino wa mafuta. Usitumie kiberiti. Moto unayeyusha plastiki inayoshika ncha, na peni iliyopona kwa njia hiyo huja kuvuja mfukoni.

Wino wa jeli una tabia zake, na hapa ndipo napenda kukaa zaidi. Sakura ya Japani ndiyo iliyotangulia kuutoa, mwaka 1984. Wino huu una maji, na rangi yake kwa kawaida ni chembechembe zilizoelea ndani badala ya kuyeyuka. Ukitulia huwa mzito. Gololi ikizunguka na kuusugua, unalegea na kutiririka. Ukifika kwenye karatasi unajikaza tena. Ndiyo sababu mstari wake umekolea bila kukandamiza mkono, na ndiyo sababu peni ya jeli inaisha mapema kuliko ya mafuta.

Kwenye mrija wa jeli, nyuma ya wino, kuna grisi angavu. Wengine huidhani uchafu wakaikung'uta. Iache. Inauzuia wino kukauka na kumwagika kwa nyuma, na inaufuata kadiri unavyopungua. Hifadhi peni ya jeli ikiwa imelala au ncha ikitazama chini, kifuniko kimefungwa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto atafute ile inayokauka haraka, kwani mkono wake unapita juu ya herufi mbichi.

Jeli inayofutika, kama ya Pilot FriXion, haifutwi kwa kukwanguliwa. Joto la msuguano ndilo linaloipoteza rangi, kwenye nyuzi 60 hivi za selsiasi. Kwa hiyo usitie nayo sahihi, na usiache maandishi yake ndani ya gari lililoanikwa juani.

Ukishapata mwili unaokukaa mkononi, nunua mirija tu. Mrija wa chuma unaotumika kwenye Parker Jotter, peni iliyotoka mwaka 1954, una urefu wa milimita 98 hivi, na watengenezaji wengi wanautoa kwa umbo hilohilo, hata wenye wino wa jeli. Umbo hilo linaitwa G2, lakini peni ya Pilot G2 haitumii mrija huo. Wake ni mrefu zaidi. Pima kwa rula kabla ya kulipa. Unapobadilisha, angalia springi ilivyokaa, uirudishe vilevile.