Keki ya harusi kwa pauni 150, na neno nililolisikia ukumbini

"Tamu kweli, ila jamani, na yeye kawatoza marafiki!"

Neno hilo lilinikuta nyuma ya mlango wa jiko la ukumbi, kisu mkononi, bakuli la maji ya moto pembeni, nakata vipande vya keki iliyonikosesha usingizi siku tatu. Aliyelisema ni mtu tunayekula naye Krismasi kila mwaka. Sikutoka kumjibu. Nilimaliza kukata, nikapanga sahani, nikasubiri zigawiwe hadi meza ya mwisho. Nilipofika kwenye gari ndipo nikalia.

Sasa ni wiki ya pili na nimetulia kiasi cha kuandika, maana najua humu wamo wanaooka, na wamo wanaotaka kuja huku Uingereza wakidhani mikono yao itawalisha kuanzia siku ya kwanza.

Maharusi ni marafiki zangu wa miaka sita hapa Leicester. Bibi harusi ndiye aliyenipokea kituo cha basi nikiwa na begi moja na koti la kuazima. Aliponiambia, "Dada, keki tunataka utuokee wewe, na tutakulipa," moyo ulijaa. Tangu nifike nimekuwa nikioka keki za bethdei za watoto wa wenzetu, za inchi 6, pauni 50 kila moja. Ya harusi sikuwahi. Wao walitaka ya ghorofa tatu: inchi 10 chini, 8 katikati, 6 juu. Nikapiga hesabu palepale sebuleni kwao. Keki tatu mara 50, pauni 150. Wakashukuru, tukakumbatiana, chai ikaongezwa.

Hapo ndipo nilipokosea, kabla sijavunja hata yai moja. Keki ya duara huhesabiwa kwa upana wa uso wake, si kwa idadi ya ghorofa. Chukua kipenyo ukizidishe kwa chenyewe: 6 kwa 6 ni 36, 8 kwa 8 ni 64, 10 kwa 10 ni 100. Jumla 200. Gawanya kwa 36 unapata tano na nusu. Kama kimo ni kilekile, basi nilikuwa nimeuza keki zangu tano na nusu kwa bei ya tatu. Ile ya chini peke yake inakaribia keki tatu. Siagi haijui urafiki, inataka vipimo vyake.

Risiti ninazo zote kwenye bahasha. Siagi paketi 12, pauni 24. Mayai 30, pauni 9. Unga na sukari, 9. Vanila nzuri, 7. Jamu, 6. Fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, 18. Trei ya inchi 10 ambayo sikuwa nayo, 14. Mbao za kuwekea keki pamoja na maboksi, 19. Vijiti vya kuishikilia na utepe, 6. Jumla pauni 112, na umeme wa oveni sijauhesabu. Zimebaki 38. Saa nilizofanya kazi, ukiacha zile za kulala nikiiwaza, ni 23. Gawanyeni wenyewe. Kima cha chini cha mshahara hapa kwa mtu mzima kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mimi kwenye zamu zangu za kutunza wazee silipwi chini ya hapo. Nikioka, nilijilipa pauni moja na senti 65.

Usiku wa Alhamisi sitausahau. Ile ya inchi 10 niliioka kwa moto uleule wa keki zangu ndogo. Ukingo ukakauka, rangi ikawa ya kahawia nzuri kabisa, nikaitoa. Baada ya dakika kumi katikati pakaanza kuzama polepole, na nilipochoma kijiti kikatoka na uji. Saa saba usiku! Mimi nimefundishwa kuoka na mama kwa sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko, na kwetu chakula hakitupwi. Niliisimamia ile keki muda mrefu kabla ya kuifungulia pipa. Keki pana inataka moto mdogo na muda mrefu, ili katikati paive kabla ukingo haujakauka. Ya pili niliishushia moto kwa nyuzi 20, ikakaa karibu saa moja na nusu, ikatoka imenyooka.

Kisha ni kuipandisha. Wageni wanaona maua. Hawaoni kwamba ndani ya ghorofa ya chini kuna vijiti vimesimama, vimekatwa urefu mmoja, na kila ghorofa ya juu imekaa kwenye ubao wake. Uzito unabebwa na vijiti, si na keki. Kimoja kikizidi milimita mbili, keki nzima inainama. Nilivikata kwa kisu cha mkate na rula ya mwanangu, nikavipanga mezani, nikaviinamia hadi usawa wa macho. Ilikuwa Agosti, nyumba nyingi za huku hazina feni, krimu ya siagi inalegea ukiitazama. Nilitoa kila kitu kwenye friji, hata dawa ya mtoto nikaipeleka kwa jirani. Asubuhi niliisafirisha ghorofa zikiwa mbalimbali, kwenye sakafu ya gari, na kila tuta nililipanda kama nimebeba mgonjwa.

Na ilisimama. Ilisimama wima kuanzia saa nane hadi wanalishana saa mbili usiku. Hilo sitaacha kulisema.

Nyumbani mnajua ilivyo. Ama keki imo kwenye bajeti ya kamati, fundi ana bei yake, anachukua arbuni na hakuna anayemnong'ona. Ama shangazi anasimama kikaoni, "Keki niachieni mimi," mwenyekiti anaandika, na siku ya shughuli MC anamtaja, vigelegele vinapigwa. Njia zote mbili zina heshima. Mimi nilisimama katikati yake. Nililipwa, kwa hiyo sikuhesabiwa kuwa nimechangia. Nililipwa kidogo, kwa hiyo sikuhesabiwa fundi. Pauni mia mbili na zaidi nilizowazawadia marafiki zangu hakuna aliyeziona, hata wao, kwa sababu sikuzitaja popote. Hilo ndilo lililonichoma pale jikoni, kuliko hata yule msemaji.

Wewe unayekuja huku na trei zako kwenye begi, nisikilize. Ukiwa na viza ya mwanafunzi hauruhusiwi kujiajiri. Kuokea watu kwa malipo ni kujiajiri, na kuna watu wanaweka picha na bei mtandaoni wakiwa na viza hiyo. Usithubutu. Ukiwa na ruhusa, sajili jiko lako kwa halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kuanza, ni bure. Vizio, yaani vyakula vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, vinavyotakiwa kutajwa kwa mteja ni 14, ngano, mayai, maziwa na karanga vikiwemo, na mkaguzi atakuuliza. Mapato ya biashara yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, kwa kawaida huna haja ya kuyaripoti kwa mamlaka ya kodi, lakini andika kila senti.

Bibi harusi alisikia yaliyosemwa; hakuyasikia kwangu. Jumanne akaja akiwa bado na hina mikononi, akaketi jikoni, akaomba zile risiti. Alizisoma moja moja. Akauliza, "Kwa nini hukutuambia?" Nikakosa jibu. Usiku akatuma pauni 100. Nilikaa nazo siku mbili nikitaka kuzirudisha, mwisho nimezipokea.

Juzi kaka yake kapiga simu: keki ya ubatizo, ghorofa mbili, 8 na 6. Safari hii nilimwambia nitamtumia bei kwa maandishi. Nimeandika hivi: vifaa 60, kazi saa 12, jumla pauni 206. Mstari wa chini yake: zawadi yetu kwa mtoto, pauni 56. Mnalipa 150, nusu iwe arbuni.

Alichelewa kujibu hadi jioni. Kisha akaandika, "Dada, hiyo zawadi tutaitaja kanisani," na arbuni ikaingia.