Uzi wa Mfarishi wa Mama

Mwaka 2011, miezi michache baada ya mama kufariki, nilikata kanga zake saba ili nimshonee mdogo wangu mfarishi wa viraka kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza. Kanga zile zilikuwa zimefuliwa miaka mingi hata zikalainika mno, nami nilitenga vipande vya pindo, vya mji, yaani sehemu ya katikati, na vya jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kwa kuwa nilitaka maneno “Nani kama mama” yasomeke katikati. Nilishona kwa uzi wa poliesta, uleule wa sare za shule, kwa sababu haukatiki ovyo, hauachi manyoya ndani ya cherehani, na niliona kwamba kazi ya mama inastahili uzi imara kuliko wote.

Mdogo wangu alipoufua mara ya kwanza na kuukamua, ulichanika. Mshono ulibaki mzima kabisa. Kanga ndiyo iliyopasuka, sambamba na mstari wa matundu ya sindano, na mpasuko ukaligawa jina lile baada ya neno “kama”. Nililia, kisha nikaupeleka kwa shangazi, Ngamiani, Tanga.

Shangazi hakunilaumu. Alivaa miwani, akaupapasa mshono, kisha akatoa katika mkebe wake vibiringo viwili vya uzi visivyo na karatasi ya jina, akakata kipande cha kila kimoja na kuwasha kiberiti. Uzi wa kwanza ulijikunja mbele ya moto, ukayeyuka na kuacha kishanga cheusi kigumu. Wa pili uliwaka kama karatasi, na jivu lake lilipotea alipolisugua vidoleni. Huo ndio uliokuwa wa pamba.

“Mwanangu,” alisema, “sare ni kitambaa kipya, kina nguvu ya kushindana na uzi huo. Kanga hizi zimechoka, zitafutie uzi utakaokatika kwanza. Mshono tutaurudia, kanga ya mama yako tutaipata wapi?”

Tulifumua kwa wembe alasiri tatu, kwani poliesta haikubali kuvutwa bila kuumiza kanga, tukatia kiraka nyuma ya mpasuko, kisha tukashona upya kwa mkono. Tangu wakati huo mishono miwili imekatika, na yote miwili nimeirudia kwa uzi wa pamba kutoka katika kibiringo kilekile.