Nyongeza sita za Sokolov na treni yangu ya mwisho

Tiketi niliikata miezi saba kabla, na hela yenyewe niliichomoa kwenye nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, kwa hiyo kama Mama anasoma hapa naomba aishie hii sentensi. Nilikuwa naenda Amsterdam kumsikiliza Grigory Sokolov, yule mzee wa Kirusi mpiga piano ambaye nimekuwa nikimfuatilia YouTube tangu nikiwa chuo, bando la usiku, hedifoni zinazotoa sikio moja.

Kwa wasiomjua, kazaliwa Leningrad 1950, akashinda mashindano ya Tchaikovsky, yale makubwa ya muziki kule Moscow, mwaka 1966 akiwa na miaka 16 tu, na siku hizi hapigi na okestra kabisa, ni yeye na piano basi. Studio haingii, rekodi zake zinazotoka ni za mbele ya watu. Na Uingereza haendi! Walipoanza kudai alama za vidole kwenye viza, mwaka 2008, mzee akasema mimi hapana. Nilivyoisoma hiyo stori nilicheka peke yangu, maana sisi wengine vidole tumetoa mpaka vinakaribia kuisha na viza tukanyimwa vilevile.

Ukumbi ni Concertgebouw, jumba la 1888, viti karibu 2,000, na majina ya watunzi yamezungushwa ukutani kwenye roshani. Mi nilichukua kiti cha nyuma ya jukwaa, kushoto. Mfuniko wa piano unafungukia kwa watu wa mbele kwa hiyo sisi wa nyuma sauti inatufikia imeshazunguka kidogo, lakini unaona mikono, hasa wa kushoto, na mi mkono wa kushoto ndo ninaotaka kuona siku zote. Kile kiti kina tatizo lingine ila nilikuja kulijua baadae.

Saa mbili na robo usiku taa zikashushwa karibu zote, yeye ndo anavyotaka, giza kama LUKU imeisha. Pale kuna ngazi ndefu zenye zulia jekundu zinashuka katikati yetu sisi wa nyuma, mlango wa juu ukafunguliwa na huyo mzee akashuka, kanipita hatua kama nne hivi, hakuangalia mtu, akainama mara moja kama anayekagua viatu vyake, akakaa, na makofi hayajaisha keshaanza.

Nusu ya kwanza yote Purcell. Muziki wa miaka ya 1600 huo, wa kabla ya piano, nikajua hapa nitasinzia maana nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Thubutu. Zile noti ndogondogo za kupamba, zinazotetemeka juu ya noti kubwa, kila moja ilikuwa inasikika peke yake kama unamwaga punje za mtama kwenye sinia. Nusu ya pili Mozart, sonata ya B flat, ile namba 333, ilivyoisha hakuinua mikono, hakutupa nafasi ya kupiga makofi, akaingia humohumo kwenye Adagio ya B minor, kipande kingine cha Mozart cha taratibu, na ukumbi mzima ukasahau kukohoa. (Wazungu na kukohoa kwenye shoo, hiyo nitaiandikia siku yake.)

Sasa. Anayemfuata Sokolov anajua kwamba programu ikiisha haijaisha. Anapiga nyongeza, vile vipande vya ziada baada ya makofi, na kawaida zake ni sita. Ukitoka kabla ya ya sita ni kama umetoka ibadani kabla ya baraka. Mi nakaa mbali huko mashariki karibu na mpaka wa Ujerumani, treni yangu ya mwisho ya kuunganisha inaondoka saa tano kasoro dakika tano, na mpaka stesheni kuna tramu. Nyongeza ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu nikaanza kuangalia saa chini ya koti. Ya nne nikasema leo natoka, nikageuka kuangalia njia, ndo nikaliona lile tatizo la kiti: kutoka pale lazima usimame mbele ya watu 2,000 upande ngazi zilezile anazopanda na kushuka yeye. Nikakaa.

Ya tano akapiga ile prelude ya Chopin ya C minor, namba 20. Vipimo 13 tu, sauti zinatembea pamoja kwa uzito kama kwaya. Hii mi naijua kwa vidole. Kanisani kwetu Moshi kulikuwa na kinanda ambacho fa ya chini ilikuwa ikibonyezwa inazama, mwalimu wa kwaya anainyanyua kwa kucha huku mkono mwingine unaendelea, na hiyo Chopin alitunukulia kwa solfa nyuma ya karatasi ya kalenda, tulikuwa tunaipiga jeneza likitoka. Tulipiga kwa nguvu mwanzo mwisho maana watu wanalia, usipopiga kwa nguvu hausikiki.

Mzee akaanza kwa nguvu kama sisi. Halafu inakuja ile sehemu besi inaposhuka nusu hatua nusu hatua, anaipiga taratibu, kisha anairudia ileile, na mara ya pili nikaona kidole gumba na kidole kidogo cha kushoto havipigi tena, vinashuka tu na kuzikalia noti, na bado naisikia kila moja, mpaka chini. Bibi wa pembeni yangu alikuwa ameshika pochi yake hewani, sijui alikuwa anaenda nayo wapi.

Ya sita siwezi kuwaambia ilikuwa nini.

Treni nimeikosa, ndio. Nikampigia dada mmoja wa Kikenya anakaa Bijlmer, mtaa wa hukohuko Amsterdam, akanifungulia amejifunga leso, akanipakulia ugali na sukuma wiki zilizobaki, nikawa namsimulia huku nakula, ngazi, giza, nyongeza sita.

"Na huyo mzee alivyomaliza akasemaje?"

"Hajasema kitu dada."

"Hata asante?"

"Hata kutabasamu."

Akatingisha kichwa, akaenda kunitafutia blanketi.