Nilivyotoboa akiki kwa keke ya mjomba

Kidani cha bibi kilikuwa na shanga kumi na tisa za akiki, lile jiwe jekundu. Kilipokatika kwenye harusi tuliokota kumi na nane. Ile iliyopotea nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nauza shanga na hereni hapa Kilwa Masoko, kana kwamba kuuza shanga na kutengeneza shanga ni kazi moja.

Kwanza nilinunua ya dukani. Bibi akaipitisha kidoleni mara moja: "Plastiki hii." Haikuwa plastiki, ila nilimwelewa. Ilikuwa laini mno, tundu limenyooka kama la sindano, rangi ni ya pipi. Jirani akanishauri nivuke ng'ambo, Kilwa Kisiwani, nikaokote moja kwenye magofu baada ya mvua. Hilo sikulitaka. Vile ni vitu vya kale, vina sheria yake, na shanga ikishaokotwa na kutiwa mfukoni haimwambii tena mtu yeyote ilikuwa ya nyumba gani wala ya enzi ipi.

Ndipo nikaanza kuuliza zile za zamani zilitengenezwaje. Akiki nyingi zilizofukuliwa kwenye miji yetu ya kale, kuanzia mji wa Shanga kwenye kisiwa cha Pate, Kenya, hadi Kilwa, inadhaniwa asili yake ni Gujarat, India. Jiwe lilichimbwa upande wa Ratanpur, likapelekwa mji wa bandari wa Khambhat kuchongwa, kisha likapanda jahazi kuja na kaskazi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza vitambaa na shanga za Khambhat zikipitia Kilwa, Mombasa na Malindi hadi Sofala, Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu. Na kule Ratanpur kuna kaburi la Baba Ghor, walii ambaye Masidi, yaani watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika, wanasema alikuwa Mhabeshi na ndiye aliyeistawisha kazi ya akiki. Ngoma yao wanaiita goma. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu: kumbe jiwe la bibi lina ujomba pande zote mbili za bahari.

Mawe ghafi kumi na moja niliyapata kwa muuza mawe wa Arusha. Yalikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Wekundu wa akiki mara nyingi hautoki ardhini vile ulivyo, hupikwa. Ndani ya jiwe mna chuma kidogo kilichofungamana na maji. Moto ukiyafukuza maji, chuma kinageuka chekundu. Kwa pupa yangu nikatupa mawe matatu juu ya jiko la mkaa. Yalilia pa! pa! pa! mke wangu akadhani ni fataki.

Yale manane nikayaanika juu ya bati wiki mbili. Kisha nikayafukia kwenye majivu ndani ya chungu, nikakizungushia samadi kavu ya ng'ombe, nikawasha jioni, nikaacha mpaka chungu kikapoa chenyewe kesho yake mchana. Awamu ya kwanza rangi ilisogea kidogo tu. Ya tatu ikaja ile yenyewe, rangi ya chai ya rangi ukiinyanyua glasi juani.

Kuchonga kulinimalizia mawe matano. Mafundi wa Khambhat hawapigi nyundo juu ya jiwe kama wavunja kokoto. Husimika chuma chenye ncha ardhini, wakaliegemeza jiwe kwenye ncha hiyo, kisha wakaligonga kwa nyundo ya pembe upande wa pili, na kibanzi kinabanduka pale ncha ilipogusa. Mimi nilitumia nondo na pembe ya ng'ombe. Mkono ukizidi nguvu kidogo tu, jiwe linapasuka katikati. Yaliyobaki matatu nikayasugua kwenye kinoo kwa maji, jioni baada ya jioni.

Sasa kutoboa. Nikamwendea mjomba, seremala wa zamani, mwenye keke, ile zana ya kupekecha matundu kwa kuvuta uta.

"Mjomba, ile keke yako bado ipo?"

"Ipo darini. Unataka kupekecha nini?"

"Jiwe."

Akaniangalia kama anayetafuta dalili za homa. Lakini aliishusha, uta na msukano wake, na kifuu cha nazi cha kukandamizia juu. Nikajaribu msumari na mchanga mbichi: asubuhi nzima jiwe likapata doa. Mchanga na akiki ugumu wao ni karibu sawa, kwa hiyo vilikuwa vinatazamana tu. Khambhat hutumia vipande vidogo vya almasi kwenye ncha ya chuma. Kabla ya hapo, miaka 4,500 hivi iliyopita, mafundi wa bonde la mto Indus, Pakistan na India ya leo, walikuwa na keke zenye ncha za jiwe gumu la pekee, na waliojaribu kurudia kazi yao walipata kama milimita 2.5 kwa saa. Shanga zao nyingine zilipita sentimita 10, nyembamba, na akiki za Indus zimekutwa hadi kwenye makaburi ya wafalme wa mji wa kale wa Ur, Iraki. Mimi yangu haifiki sentimita mbili, na viganja vilitoka malengelenge.

Nikafunga ncha ya almasi ya kutobolea vigae, mjomba akavuta uta, mimi nikawa nadondosha maji. Moja likapasuka, la pili nalo. La tatu tulitoboa nusu, tukaligeuza, tukaanzia upande wa pili, maana ukilazimisha kutoboa moja kwa moja jiwe hubanduka pale tundu linapotokea. Matundu yakakutana, lakini si sawasawa. Katikati kulikuwa na kiwiko.

Nilikasirika. Mjomba akachukua akiki moja ya bibi, akaielekeza juani, akafumba jicho moja. "Hebu tazama." Ndani yake, palepale katikati, kiwiko kama changu. Tukazitazama zote kumi na nane. Zenye tundu lililonyooka kabisa zilikuwa nne.

Kung'arisha sikusumbuka sana: mfuko wa ngozi, unga wa vibanzi vya akiki vilivyobaki, maji, na watoto wakiuviringisha kwa miguu kwenye sakafu kwa siku kumi huku wakitazama mpira.

Bibi alikivaa kidani Ijumaa. Akazipitisha kidoleni moja moja, akafika kwenye yangu, akasimama kidogo, kisha akaendelea na inayofuata. Keke bado ninayo, na mjomba hajaidai.