Sukari imeniumbua
Jana nilisahau shira ya visheti jikoni. Moshi nyumba nzima, na sufuria imeganda kitu cheusi kama mkaa. Binti yangu wa kidato cha tatu akacheka: "Mama, hiyo ni kaboni. Sukari ni kampaundi ogania, yaani ya kundi la vitu vilivyojengwa kwa kaboni, kama vile vya viumbe hai. Unguza chumvi uone."

Tukaijaribu kweli! Chumvi ikapasukapasuka tu, ikabaki nyeupe vilevile. Nikauliza, kumbe kila chenye kaboni ni ogania? Hapana, magadi yana kaboni lakini hayamo.

Kilichoniacha hoi ni urea, ile mbolea ya dukani tunayoiita "ya kemikali": nayo ogania! Mjerumani Friedrich Wöhler aliipata maabarani mwaka 1828, bila mkojo wa kiumbe yeyote, ambamo urea hupatikana.

Sufuria bado naisugua.