Barua ya pampu

Wapangaji wenzangu walinichagua mimi nimwandikie mwenye nyumba, eti kwa kuwa nimesoma. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ina wiki tatu imekufa, na kila asubuhi twanunua ya mkokoteni, mitungi ya lita 20. Nikakaa usiku nikajaza ukurasa mzima bila kupumua. Nikajiona nimetisha.

Kabla ya kuipeleka nikapita Kibokoni, barazani kwa ami. Ami alikuwa karani miaka mingi, na hadi leo hata risiti ya duka huikunja mara tatu sawasawa.

Aliisoma mpaka kahawa ikapoa.

"Huyu mwenye nyumba wako, akaa Tsavo?"

Maana nilikuwa nimeanzia chemchemi za Mzima, huko Tsavo, nikateremka na bomba polepole hadi Mombasa, ndipo nikakumbuka kuna pampu. Ami akatoa kalamu nyekundu. Pembeni mwa kila sentensi akaandika neno moja tu, kisha akanirudishia. "Sasa nisomee pambizo peke yake."

Nikasoma: Mzima. Maji. Pampu. Kodi. Pampu. Watoto. Kodi. Dharau. Pampu.

Nilitamani baraza lipasuke nitumbukie.

Shuleni nilikariri kwamba kila aya ina wazo kuu moja, nikaliandika hilo kwenye mtihani nikapata alama zangu, basi. Ami hakulitaja hata. Aliniuliza ubeti wa mshairi Muyaka una mishororo mingapi.

"Minne, aghalabu."

"Na wa pili ukiuhamishia ubeti mwengine?"

Nikacheka. Muyaka ni wetu wa hapa Mvita, amefariki tangu 1840, na beti zake zilikaa vichwani mwa watu miaka na miaka kabla hazijakusanywa na kuandikwa. Ubeti waingia chumbani mwake, wasema lake, wafunga mlango. Ila hapo mimi na ami hatukuafikiana sana. Mshairi ana vina na mizani vya kumshika mkono. Akizidisha silabi moja juu ya zile 16 za mshororo, wasikilizaji wamshtukia papo hapo. Mwandishi wa barua hana askari huyo. Anaweza kutangatanga ukurasa mzima na asijue, kama nilivyotangatanga mimi.

Nyumbani nikachukua mkasi, nikaikatakata barua sentensi moja moja, nikazitandaza mkekani. (Zima feni kwanza. Mimi sikuzima.) Za pampu nikazikusanya pamoja, na ile inayotaja siku iliyoharibika, niliyokuwa nimeizika mwishoni kabisa, nikaipandisha juu. Pesa za mitungi na kodi zikakaa chumba kimoja, kwa sababu ni hesabu moja. La mwisho likawa ombi lenyewe, ambalo, wallahi, barua ya kwanza haikuwa nalo. Nililalamika kote huko bila kusema nataka nini.

Mzima nikaiacha Tsavo. Ikabaki sentensi ya dharau, niliyoipenda kuliko zote, na kila nilipoiweka ilikuwa yagombana na jirani zake. Nikampigia ami.

"Hiyo njoo uniambie mimi," akasema.

Nimeibandika humu daftarini. Barua ilipelekwa Jumatatu, aya tatu, nusu ukurasa. Leo ni Alhamisi, na nasikia muuza maji agonga mitungi huko chini. Ngoja niteremke.